Tuzo Iliyotoka Jikoni Kwangu

Watu wakinipongeza kwa tuzo ya binti yangu Ruba, nasema alhamdulillah, kisha naulizia wajukuu wao ili tuhame kwenye habari hiyo. Wanadhani naogopa kijicho. Waache wadhani. Mimi nikiisikia ile tuzo ikitajwa uso unanishuka, na nimeona niandike kwa nini, kwa sababu kusimulia kwa mdomo siwezi. Nikifungua mdomo nitachekesha. Ndio maradhi yangu, nimezaliwa nayo.

Jina langu Sabah. Nilizaliwa Unguja, nikaja Maskati na wazazi wangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo sijakutana na mtu nisiyeweza kumwigiza. Daktari anayeogopa damu, imamu anavyokohoa kabla ya khutba, mke wa kaka yangu akipimiwa kitambaa dukani, wote nawatoa vilevile walivyo. Wanawake wa ukoo wetu wakikusanyika kwangu alasiri kwa kahawa, hawaji kwa ajili ya kahawa. Ruba alirithi kwangu kipaji hicho, akakisomea, akakifanya kazi, na sasa anajulikana Ghuba nzima.

Lakini habari hii si ya Ruba. Ni ya Nambi.

Nambi ni mtu wa Masaka, Uganda. Anafanya kazi nyumbani kwangu hapa Ghubra, na huu ni mwaka wa tisa. Kabla ya hapo alikaa Nairobi miaka mitatu, ndiko alikookota Kiswahili, na mimi nilimtaka kwa ajili hiyo, maana nilikuwa nimechoka kuelekezana kwa vidole na watoto wa watu. Siku alipofika nilikwenda mwenyewe kumpokea uwanja wa ndege. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, pole na safari." Akaweka begi chini, akapiga magoti palepale kwenye marumaru, katikati ya watu na mizigo yao, akanisalimu.

"Astaghfirullah! Inuka, we!" nikamwambia. "Anapigiwa magoti Mungu peke yake. Watu watanambiaje?"

Akainuka bila haraka, akajipangusa sketi. "Sawa, Mama," akasema. Asubuhi yake akaniletea chai chumbani, akapiga magoti tena.

Niligombana naye wiki nzima, kisha nikachoka. Sikumuuliza kwa nini anafanya vile. Nilidhani najua. Nilidhani ni unyonge, kwamba huyu maskini amezoea kunyenyekea mabwana na mabibi. Na macho yangu mwenyewe yalikuwa yananionesha sivyo. Mtu mnyonge hagombani na muuza samaki mpaka akabadilishiwa nguru mzima. Mwaka wa kwanza tulipokwenda ofisini kwa wakala aliyemleta, Nambi alisimama mbele ya meza ya yule bwana, mkono kiunoni, akamwambia hatoki pale mpaka apewe pasipoti yake mkononi, na hakutoka mpaka akapewa. Wanangu wa kiume anawasalimu amesimama. Ruba anampa chai amesimama na anamwita Ruba tu. Aliyekuwa akipigiwa magoti katika nyumba ile ni mimi peke yangu. Nililiona hilo kila siku na sikulitia akilini.

Ijumaa anakwenda kanisani mtaa wa Ghala na kurudi na ndizi mbichi anazozijua yeye, anazipika kwa mvuke, na siku hiyo jikoni haingii mtu. Akipiga pasi anaimba nyimbo za kanisani, akikosea maneno anarudi mwanzo wa ubeti, hata kama ni mara tano. Baada ya isha tunacheza ludo kwenye simu yake. Mimi naiba, yeye ananiona, na hasemi kitu.

Mwaka wa nne alipotoka likizo aliniletea mkeka. Mama yake ndiye aliyeusuka, kwa ukindu uliotiwa rangi ya zambarau na kijani, na aliusuka kwa ajili yangu, kipimo cha kitanda. "Mama anasema usikae kwa sakafu ya baridi," Nambi akanambia, amepiga magoti, ananipa kwa mikono miwili. Nyumba yangu ina mazulia ukuta kwa ukuta, lakini yule mama wa Masaka angejua wapi? Mkeka niliupenda kweli. Niliutandika chumbani mwangu na nikasema nitampigia simu nimshukuru. Nikasema hivyo miaka mitatu mfululizo. Kila Nambi akinikumbusha nilikuwa na wageni, au nimechoka, au nikimwambia kesho inshallah.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Mwaka juzi nilibadilishwa goti la kulia. Wanangu walikuja na maua na kuondoka. Aliyeniogesha, akanivisha, akanigeuza kitandani na kunisemea kwa daktari ni Nambi. Daktari alitaka nitembee hatua kumi kwa kigari kile cha chuma cha kushikilia, na mimi nikawa naogopa, nalia kama mtoto. Nambi alikuwa akirudi kinyumenyume mbele yangu, mikono ameinyosha, ananambia, "Kuja, Mama. Moja tu. Kuja." Nikafika hatua nne, nikafika sita, siku nyingine nikarudi mbili.

Alasiri moja aliniacha nimelala. Nikaamka, nyumba kimya, nikajisikia nna nguvu. Nikasema leo nitamshangaza. Nikashika kigari changu, nikatoka chumbani peke yangu, nikapita ukumbini taratibu, nikafika mpaka mlango wa jikoni. Hatua ishirini na kitu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikachungulia.

Nambi alikuwa amepiga magoti sakafuni. Mbele yake kile kigoda chetu chekundu cha plastiki, kilichovunjika mguu nikaufunga kwa utepe wa buluu. Juu ya kigoda, simu. Kwenye simu, sauti ya mwanamke mzee ikisema maneno ya kwao, na Nambi ameinamisha kichwa, viganja vimelala mapajani, anaitika, "Eee, maama. Eee, maama." Hapakuwa na mtu mle jikoni. Alikuwa anaipigia magoti simu.

Kicheko kilinibana mpaka nikauma ushungi wangu. Niligeuza kigari nikarudi chumbani, na sijui hata nilifikaje. Baada ya dakika chache nikasikia nyayo zake. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, ameshika simu mkononi, akanichungulia. Nikafumba macho nikajifanya nimelala, kwa sababu kicheko kilikuwa bado kimo mdomoni. Akasimama kidogo, akarudi zake.

Siku mbili baadaye wakaja wanawake wa ukoo kunipa pole, na Ruba alikuwapo. Nambi alikuwa ametoka kwenda dukani. Nikachukua rimoti ya televisheni, nikaiweka juu ya mto, nikaiinamishia kichwa na kufanya "Eee, maama, eee, maama," macho nimeyalegeza, viganja mapajani. Chumba kizima kikavunjika mbavu. Binti ya ami yangu, Sayyida, ambaye akicheka anapiga watu, alinipiga karibu na goti lenyewe. Ruba alicheka mpaka wanja ukamtiririka. "Mama, rudia," akasema. Nikarudia. "Rudia tena, mikono ilikaaje?" Mara ya tatu hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama, macho ameyakaza, midomo inakwenda kwenda. Nilijua anafanya nini. Nisijitie sijui.

Lazima niseme la haki kwa Ruba. Alipoanza kuigiza, wakurugenzi walimwona mweusi mno kuwa bibi harusi. Walimpa nafasi za vikaragosi, walimpa nafasi za watu wa kubeba sinia. Alilia kwangu mara nyingi. Kwa hiyo alipopewa tena nafasi ya mtumishi, katika tamthilia ya kuchekesha ya Ramadhani, aliamua kwamba safari hii atakuwa mtumishi ambaye akitokea watazamaji hawatamtazama mwengine. Akamtengeneza Koko. Alikuja hata kuazima kile kigoda chekundu, akasema cha bahati. Koko alipiga magoti kwa bwana na bibi wa nyumba. Akapiga magoti kwa fundi wa friji, kisha kwa friji. Akampigia magoti paka. Na katika kipindi cha kumi na mbili, ambacho watoto walikuwa wakiigiza mpaka msikitini, Koko alipiga magoti mbele ya simu.

Mimi niliitazama Ramadhani nzima baada ya futari, nimejaa fahari, maana vyote nilivitambua kuwa ni vyangu. Nambi hakuwapo. Mama yake alifariki mwezi wa Shaaban, miezi minne baada ya goti langu, naye akaenda kuzika, akakaa kwao mpaka baada ya Idi. Nilimpa pole ya kweli, nililia naye. Lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba Ramadhani imempitia huko. Aliporudi tamthilia ilikuwa imekwisha. Alijua Ruba aliigiza mtumishi, akafurahi, akasema Ruba anafanya kazi kwa bidii. Kutoka siku hiyo niliishi na hofu moja tu, kwamba ipo siku Nambi atamwona Koko.

Halafu Ruba akatajwa kugombea katika Tuzo za Dele la Kioo. Wasiozijua, ni sherehe ya kila mwaka ya waigizaji wa televisheni wa huku, na mshindi hupewa dele la kahawa, lile la mdomo mrefu, limetengenezwa kwa kioo kitupu, haliwezi kutiwa hata tone. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Maskati. Ruba aliniwekea kiti ukumbini. Nikakataa, nikasingizia ngazi na goti. Ukweli ni kwamba ukumbini ningekuwa kichwa kimoja kati ya elfu, na mimi nilitaka kukaa sebuleni kwangu, kwenye godoro la katikati, wanawake wote wamenizunguka, wakati jina la mwanangu linatajwa.

Lakini kulikuwa na Nambi. Asubuhi nikamwambia, "Leo jioni pumzika, mwanangu. Nenda kwa rafiki zako wa kanisani. Kahawa watatia wenyewe."

Akanitazama kama niliyemtukana. "Siku kubwa ya Ruba, Mama, mimi niende wapi?"

Na ilipoingia magharibi akatoka chumbani kwake amevaa gomesi. Ile nguo yao ya sherehe, mabega yamesimama, mshipi mpana kiunoni, rangi ya samli. Sijawahi kumwona nayo isipokuwa kwenye picha za harusi ya mdogo wake. Aliivaa kwa ajili ya mtoto wa nyumba. Ningeweza kumwita jikoni hapo hapo, nifunge mlango, nimwambie habari ya Koko. Badala yake nikamwambia amependeza, na nikajipa moyo kwamba tuzo ni nyingi, washindani ni wanne, huenda wakaonesha kile kipande cha paka.

Sherehe ikaanza. Wapo waliotoa hotuba ndefu, wapo waliosahau hotuba. Mzee mmoja wa Kikuwaiti alipata dele la heshima kwa miaka hamsini ya kazi, akajaribu kulishika akashindwa, mwanawe akamshikia, sote tukalia. Mtoto wa miaka tisa alishinda akamshukuru mwalimu wake wa hesabu. Mpambaji wa majukwaa alipanda na mama yake. Wanawake kwangu walikuwa wanasifu nguo na kuteta nguo, na Nambi anazunguka na dele letu la shaba, akifika kwangu anapiga magoti kwa ile gomesi, nguo inamfunguka sakafuni vizuri, ananimiminia. Wengine anawamiminia ameinama tu. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza niliona jinsi anavyofanya kwa uzuri. Nikatamani wasitaje kabisa hiyo zamu ya vichekesho.

Wakaitaja. Mwigizaji bora wa kike wa vichekesho. Wakaonesha kipande cha kila mshindani, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ni Ruba, na kipande ni cha simu.

Kigoda chekundu kilijaa skrini nzima, utepe wa buluu mguuni. Koko akapiga magoti, akaweka simu juu yake, viganja mapajani, kichwa chini. "Eee, maama. Eee, maama." Sauti niliyoitoa mimi kitandani, vilevile. Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, na sebule yangu nayo.

Nambi alikuwa amesimama kando ya televisheni, dele mkono wa kushoto. Alitazama mpaka kipande kikaisha. Kisha akageuka. Hakumtafuta Ruba kwenye skrini, na hakuwatazama waliokuwa wanacheka. Alinitazama mimi. Sikuweza kuyakabili yale macho, nikashughulika na ushungi wangu.

Wakafungua bahasha, wakamtaja Ruba. Vigelegele vikapaa. Mwanangu akapanda jukwaani kwa nguo yake ya fedha, na alipokabidhiwa dele la kioo akapiga magoti kulipokea, akainamisha kichwa. Watu wakasimama kwa kicheko na makofi. Kisha akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa Kiarabu, na Nambi kwa miaka tisa Kiarabu anakisikia vizuri: "Tuzo hii si yangu. Mwalimu wangu yuko Ghubra, anatutazama sasa hivi. Koko hakutoka kwenye karatasi za mwandishi. Alitoka jikoni kwa mama yangu. Mama ndiye aliyemwona, akanionesha."

Wanawake wakanirukia, wananibusu, wananivuta mabega. Nilikuwa nimeitaka jioni hiyo maisha yangu yote. Na katikati ya mabusu Sayyida akageuka, akamwona Nambi na dele lake na gomesi yake, akaangua kicheko.

"We Koko!" akaita. "Mbona umesimama, yakhe? Hebu tupigie magoti tukuone, kama kwenye televisheni!"

Wote wakamgeukia. Ilikuwa zamu yangu kusema neno. Neno moja lingetosha, kwa sababu nyumba ni yangu na Sayyida ananiogopa. Nikacheka. Sikucheka kwa nguvu, lakini nilicheka na wao, na Nambi aliisikia sauti yangu ndani ya zile nyingine. Anaijua.

Akaliweka dele juu ya sinia, polepole, bila kelele. "Kahawa iko hapa," akasema. Akaenda jikoni, akafunga mlango.

Asubuhi yake chai ililetwa kwa wakati uleule, moto uleule, iliki ileile. Aliiweka juu ya meza ndogo amesimama. "Chai, Madam," akasema.

Miaka tisa nilikuwa Mama. Nilimsubiri kwenye chakula cha mchana, nikafikiri labda amepitiwa. "Madam, kuna mtu wa gesi." "Madam, dawa." Hakununa, hakulegeza kazi, nguo ziliendelea kukunjwa pembe kwa pembe. Hapakuwa na kitu cha kulalamikia. Si ndivyo nilivyomwamuru mwenyewe uwanja wa ndege, asinipigie magoti? Sasa amenitii, na mimi kile kikombe nakiacha kinapoa. Ludo hatukucheza tena. Alisema simu yake haina chaji.

Ruba alikuja na dele lake la kioo, tukaliweka katika kabati la vyombo sebuleni. Akamkumbatia Nambi, akamwambia amemletea bahati. "Hongera, Ruba," Nambi akajibu, kwa upole uleule wa siku zote. Akilifuta vumbi anafuta kama bakuli jingine lolote.

Katika siku hizo nilikuwa namkumbuka mama yangu mzazi. Tulipofika kutoka Unguja alikuwa akinichukua sokoni Matrah, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuungaunga. Mwenye duka la viungo alikuwa na mtindo wake: mama akiomba bizari, yule bwana anarudia maneno yake kwa sauti yake, puani, na wenziwe wanacheka. Mama naye alikuwa anacheka, halafu njia nzima ya kurudi hasemi. Mimi nilitembea nyuma yake nikiapa kwamba nikikua nitamkomesha yule mtu. Nilivyokua, nimekuwa yeye.

Siku ya kumi na moja nilikwenda jikoni baada ya alasiri. Nilikuwa nimejiandaa. Kwanza nilifikiri nimpigie magoti. Goti la chuma halikubali, lakini si hilo lililonizuia. Mimi ningepiga magoti pale, ningekuwa naigiza tena, na ningeigiza vizuri. Kwa hiyo nikapanga maneno, na nina haya kusema nilipanga maneno gani. Nilipanga kumtupia Ruba.

Nambi alikuwa amesimama mezani, anachambua mchele kwenye ungo. Nikakivuta kile kigoda chekundu nikakaa.

"Nambi," nikasema, "nnataka kukwambia neno. Alichokifanya Ruba kwenye ile tamthilia si adabu. Kijana, hafikiri. Nnakuomba radhi kwa ajili yake."

Vidole vyake havikusimama. "Ruba hajanikosea, Madam. Ruba hajawahi kuniona nikipiga magoti kwa simu. Yeye alikuwa kwake Madinat Sultan Qaboos." Akatoa kokoto, akaiweka kando. "Ile siku naongea na mama yangu, ni wewe ulikuwa kwa mlango?"

"Ni mimi."

Hapo vidole vikasimama. "Na ulikuwa bado na kile kigari. Ulitoka kwa kitanda mpaka hapa? Peke yako?"

"Peke yangu. Nlitaka kukushangaza."

Uso wake ukafunguka, kitambo kidogo tu, nikamwona yule aliyekuwa akirudi kinyumenyume mbele yangu na mikono mbele. "Mimi nilikuwa naomba Mungu kila siku ufike hata kwa mlango," akasema. "Na ulifika, na hukuniambia." Kisha uso ukajifunga. "Kwa nini hukuingia?"

Nilikuwa na majibu mengi. "Nlikuwa nnacheka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa hesabu aliyokwisha ipata mwenyewe. "Kwetu mtu hapigi magoti kwa bosi," akasema. "Nairobi nilikuwa na mabosi watatu, hakuna hata mmoja aliniona chini. Unapiga kwa mzazi. Hata akiwa kwa simu, ni mzazi. Siku ya kwanza uliniita mwanangu, mbele ya watu wote wa airport. Mimi nikadhani umesema ukweli."

Akaurusha mchele kwenye ungo mara mbili, makapi yakaruka.

"Siku hiyo mama alikuwa anakutaka wewe," akasema. "Alisikia umefanyiwa goti. Akaniambia, nipatie huyo mama yako wa huko, nimpe pole, nijue pia kama ule mkeka unamfaa. Nikamwambia umelala. Akasema basi atangoja uamke. Aliazima simu ya jirani, na bado akangoja. Tulikuwa tunaongea maneno ya bure tu, ya kuku na ya mvua, yeye akikungoja. Mwisho nikakuja na simu mpaka kwa chumba chako, yeye akiwa ndani ya simu. Nikakuangalia. Nikamwambia, maama, bado amelala, tutajaribu siku nyingine."

Hapakuwa na siku nyingine, sote wawili tunajua. Ningeweza kuliacha hapo. Nambi aliamini nilikuwa nimelala, na lile lilikuwa jambo moja la siku ile lililobaki halijachafuka. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya kigoda kilekile alichomwekea mama yake.

"Nambi," nikasema, "sikuwa nimelala."

Aliniangalia, kisha akachukua ungo wake, akahamia dirishani penye mwanga, akaendelea kuchambua mchele amenipa mgongo. Nami nikabaki pale nimekaa, nikisubiri anigeukie, kama yule mama alivyonisubiri mimi niamke.